Mpaka Picha Ifike Tucson

Kanuni ilikuwa ya Leonard Dombek, na aliitunga kwa nia njema: baba yake asitamke neno lolote kuhusu mchezo mpaka Leonard mwenyewe aseme "Tayari."

Haja ya kanuni hiyo ilitokana na umbali. Leonard alikuwa wakili wa kesi za mipaka na mashamba mjini Tucson, Arizona, ambako kila Jumapili vituo vya televisheni hurusha mechi za timu ya Arizona ya mpira wa Kimarekani, ule wa kudaka na kukimbia, kama ilivyo haki ya wenyeji. Yeye alikuwa mtu wa Buffalo. Alizaliwa huko, upande wa pili wa nchi, kwenye theluji, na ingawa alitoka akiwa kijana kwa ufadhili wa masomo na hakurudi kuishi, timu haikumtoka. Baba yake, Casimir, fundi mstaafu wa kiwanda cha chuma na mjane, alibaki katika nyumba ileile ya Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo, na huko mechi ilimfikia bure kwa antena iliyofungwa juu ya paa. Leonard alinunua kifurushi cha mtandaoni kilichowekwa kwa ajili ya watu kama yeye, wanaoishi mbali na timu zao. Mchezo ulipoanza walipigiana simu, kila mmoja akaiweka yake kwenye spika kando ya kiti, wakatazama pamoja.

Zilikuwapo njia nyingine, naye alikuwa amezipima zote. Binamu yake Teddy alimwambia kuna tovuti inayoonyesha kila mechi bila malipo.

"Unabonyeza tu, Lenny. Matangazo ya kamari yakijitokeza, unayafunga. Basi."

"Huo ni wizi, Teddy."

"Wizi wa nini? Nimebeba nini mimi? Televisheni yao si iko palepale?"

"Ni wizi," alirudia Leonard, na kwa msimu mzima hakumpigia simu binamu yake. Ilikuwapo pia baa moja mjini Tucson ambamo wahamiaji kutoka Buffalo walijazana kila Jumapili na fulana zao za buluu, wakapiga kelele na kumwagiana bia. Alikwenda mara moja, akaondoka wakati wa mapumziko. Alikuwa amesoma katika shule ya bweni ya Ashcombe, ambako wavulana walisimama nyuma ya viti vyao bila kunong'ona mpaka kiranja mkuu atikise kichwa ndipo wakae kula, na tangu hapo aliamini kwamba mtu anayejua kunyamaza amekwisha kujua nusu ya mambo yote.

Kifurushi kile cha halali, hata hivyo, kilikuwa na kasoro moja. Picha ya antena ilifika Cheektowaga karibu papo hapo. Picha ya mtandaoni ilipitishwa kwanza kwenye mitambo ya watu, hata ilipofika Tucson ilikuwa imechelewa muda wa kutosha mtu kufunga kamba za viatu vyote viwili.

"Ameudaka!" Casimir angepaza sauti. "Ameudaka, Lenny! Ona mtoto anavyokimbia, ona!"

"Baba, huku hata hawajajipanga."

"Basi subiri, utafurahi."

"Nitafurahi vipi? Umeshaniambia."

"Nimekuambia nini? Nimesema ameudaka. Sijasema amefika wapi." Kisha mzee akashindwa kujizuia. "Amefika mwisho kabisa!" Na kicheko chake kikajaa chumba cha Tucson, huku kwenye kompyuta ya Leonard wachezaji wale wenye kofia ngumu wakiinama taratibu kujipanga kwa jambo ambalo lilikuwa limekwisha kutokea.

Casimir alilifurahia jambo hilo kuliko mchezo wenyewe. "Mimi ni nabii wako," alisema. Siku moja alitoa pendekezo. "Zima sauti ya kompyuta yako, mwanangu. Mimi nitakutangazia. Babu yako na mimi tulisikiliza redio tu, na hatukufa."

"Nimelipia picha, Baba."

"Picha utaiona. Mimi nitatangulia kidogo tu mbele yako, nikuonyeshe njia."

Leonard alikataa. Kwa sauti ileile aliyoitumia mahakamani alimweleza baba yake kwamba raha ya mchezo ni kutojua, na kwamba mtu anayemharibia mwenzake raha hiyo hamheshimu. Ndipo akaitaja kanuni.

"Nisiseme kitu?" aliuliza Casimir.

"Neno lolote, mpaka niseme 'Tayari.'"

"Hata nikipiga chafya?"

"Chafya inaruhusiwa, mradi isiwe ya furaha."

Mzee alicheka, lakini kidogo. "Sawa, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Corinne, mke wa Leonard, aliyekuwa akikunja nguo chumba cha pili, alitokeza mlangoni simu ilipokatwa. "Sasa unamfundisha mzee wako adabu za bwenini?"

"Namfundisha kusubiri."

"Mtu wa umri ule anasubiri nini tena, Leonard?"

Katika majuma yaliyofuata Casimir aliteleza mara kadhaa. Alikuwa akiguna, au akijipiga kofi gotini, na kila mara Leonard alimkumbusha kwa upole usiokuwa na tabasamu. Mzee aliomba radhi kila mara. Kabla theluji haijaanza kuanguka, alikuwa ameijua kanuni barabara.

Mechi ya Desemba iliyoamua kama Buffalo wangeendelea au wangerudi nyumbani, Leonard aliingoja juma zima. Kipindi cha kwanza kilikwenda vibaya. Wakati wa mapumziko Casimir alisema amekaanga soseji ya Kipolandi na vitunguu, na kwamba Loretta Pasek, jirani wa ng'ambo ya barabara mwenye ufunguo wa nyumba yake, amemletea supu asiyoipenda.

"Usimwambie."

"Simwambii, Baba."

"Mtu mzuri. Supu mbaya."

Kipindi cha pili kilipoanza, Buffalo walisogea mpaka mpiga teke wao akaitwa uwanjani kuupitisha mpira kati ya milingoti. Kwenye kompyuta ya Leonard mpiga teke huyo alikuwa bado anapima hatua zake kurudi nyuma. Kutoka Cheektowaga kikasikika kishindo kizito, kama cha mtu aliyeruka akatua kwa miguu yote miwili, na kitu cha kioo kikabingirika, kikavunjika. Kisha pumzi.

Leonard alitabasamu licha ya kukasirika. "Baba! Nimekusikia. Umeruka, sivyo? Umekwisha kuniambia kwamba limeingia."

Pumzi iliendelea. Kisha sauti ya Casimir, ya chini sana.

"Samahani, mwanangu."

"Si kitu. Jitahidi tu."

Teke liliingia. "Tayari!" alisema Leonard.

"Ndiyo," alisema Casimir. "Zuri. Zuri sana."

Tangu hapo hakutoa sauti. Buffalo walisawazisha, wakapitwa, wakasawazisha tena, na ng'ambo ile hapakusikika goti lililopigwa wala mguno. Leonard aliposema "Tayari," jibu lilikuja fupi na la adabu. Aliposahau kulisema, halikuja kabisa. Kulikuwa na mara moja alipodhani amesikia kama mtu anavuta kitu kizito zulini, lakini mchezo ulikuwa umepamba moto, naye hakuuliza.

Corinne alipita na kikombe cha chai. "Mbona mzee kimya leo?"

"Amejifunza," alijibu Leonard, na katika kulijibu hilo alihisi fahari, ile ya mwalimu ambaye mwanafunzi wake mgumu hatimaye ameelewa.

Buffalo walishinda kwa mchezo wa mwisho kabisa. Leonard, ambaye hakuwa mtu wa kusimama, alisimama. "Tayari! Tayari, Baba! Umeona?"

"Nimeona."

"Na hukusema kitu! Baba, leo umeishika kanuni kuliko siku zote. Nakupongeza."

"Imekwisha upande wako?" aliuliza Casimir. "Imekwisha kabisa? Hakuna kilichobaki?"

"Imekwisha."

"Basi naomba umpigie Loretta aje. Niko chini."

"Chini wapi?"

"Hapa sakafuni. Mguu hautaki." Mzee alivuta pumzi kwa meno yaliyobanwa. "Tangu lile teke. Niliruka, kama ulivyosema."

Loretta alivuka barabara kwa viatu vya ndani, katika theluji. Yeye ndiye aliyeita gari la wagonjwa, na ndiye aliyempigia Leonard kutoka hospitali, jua likiwa bado halijazama Tucson. Nyonga ilikuwa imevunjika.

"Nataka unieleze kitu, Lenny," alisema. Alimjua tangu akivaa kaptura. "Babako anasema simu ilikuwa wazi muda wote. Kweli?"

"Kweli, Bi. Loretta."

"Ulikuwa unamsikia anavyohema?"

"Nilimsikia. Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

Leonard alidhani baba yake anatii. Ukweli ulikuwa huo, na ulikuwa sahihi, na hakuweza kuutamka mbele ya mwanamke aliyetembea kwenye theluji kwa viatu vya ndani.

"Angesema," ndilo alilolipata. "Angesema neno moja tu."

"Angesema? Kwa nani?" alisema Loretta, akakata simu.

Corinne alipomuuliza, Leonard alimwambia mzee ameanguka. Hakumwambia lini. Jumatatu alipanda ndege, na njia nzima alikaa wima, mikono magotini, kama mvulana aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule.

Casimir alionekana mdogo kitandani. Alifurahi kupita kiasi. "Ona, Loretta! Amekuja na suti! Nimekwambia atakuja na suti." Loretta, aliyekaa dirishani, alimtazama Leonard kidogo, kisha akarudia kutazama nje.

Daktari, mwanamke kijana aliyesema haraka, aliingia akimwuliza Casimir maswali. Alitaka kujua mzee alikaa sakafuni muda gani kabla ya kuinuliwa, kwa sababu mtu akilalia misuli kwa muda mrefu, alisema, figo huathirika, na baadhi ya vipimo vya damu vilikuwa vimemtia shaka.

"Kidogo tu, daktari," alisema Casimir. "Nilianguka, nikamwambia mwanangu, akaita watu. Ana akili sana. Ni wakili."

Daktari aliandika. Leonard alisimama miguuni pa kitanda. Alikuwa mtu aliyewahi kukataa mteja kwa ajili ya tarehe moja iliyoandikwa kinyume na ukweli, aliyemnyamazia binamu yake kwa ajili ya mechi za wizi. Na sasa baba yake alikuwa amesema uwongo mchana kweupe ili kumsitiri, naye alikuwa ameupokea kwa kimya. Ulikuwa uwongo mwepesi kuuacha pale ulipo. Daktari alikwisha kugeuka.

"Si kweli," alisema Leonard.

"Lenny," alisema Casimir. "Acha."

"Alilala sakafuni kipindi chote cha pili. Mpaka mechi ilipokwisha."

Daktari aliangalia karatasi yake, kisha akamwangalia yeye. "Hakuwa na simu?"

"Alikuwa nayo. Tulikuwa tunazungumza."

"Mlikuwa mnazungumza." Aliyarudia maneno hayo kama mtu anayehakikisha amesikia vizuri. "Na hakukwambia kwamba ameumia?"

"Nilikuwa nimemkataza kusema." Masikio ya Leonard yaliwaka. "Picha yangu huchelewa. Nilimkataza kusema lolote mpaka picha inifikie."

Daktari hakumkemea, laiti angemkemea. Aliandika mstari mmoja, akaagiza maji zaidi na kipimo kingine, akatoka. Casimir alikuwa amegeuzia uso ukutani, si kwa hasira. Alikuwa anaona haya kwa niaba ya mwanawe.

Figo zilitengemaa katikati ya juma. Leonard hakurudi Tucson. Alilala katika chumba chake cha utotoni, akafagia vipande vya glasi ambavyo hakuna aliyevifagia, na kila asubuhi alikwenda hospitali. Mara nyingi alianza kusema jambo alilokuja kulisema. "Baba, ile kanuni..." Na kila mara Casimir alimkatiza: "Ilikuwa kanuni nzuri. Nilikuwa nakuharibia. Loretta, si nilikuwa namharibia?"

"Sikuwapo," alijibu Loretta.

Jumapili ikafika. Televisheni ya wodi ilikuwa imefungwa juu ukutani, nao watatu waliitazama kwa pamoja: Casimir kwa mito mgongoni, Loretta upande mmoja, Leonard upande wa pili, karibu kiasi cha kusikia dripu ikitonya. Picha ilikuwa moja. Leonard alikuwa ameyapanga maneno yake. Buffalo wakipata alama ya kwanza, angepiga kelele yeye kabla ya wote, kwa nguvu, aaibike mbele ya wauguzi kama ikibidi, ili mzee ajue kwamba kanuni imekwisha.

Mchezaji wa Buffalo aliudaka mpira pembeni, akamponyoka mmoja, akamponyoka wa pili, na mbele yake hapakuwa na mtu. Leonard alivuta pumzi. Kinywa chake, ambacho hakikuwahi kufanya jambo hilo, kilichelewa.

"Huyooo!" alipaza Loretta, akapiga makofi. "Casimir, huyooo! Nani atamkamata?"

Mzee alimshika mkono kwa haraka, makofi yakakatika. Macho yake yalikuwa yanang'aa, uso wote ulikuwa unataka kupasuka kwa furaha, lakini alikuwa ameibana midomo yake, na kidole cha mkono wa pili, chenye plasta ya sindano, alikuwa amekiweka juu yake.

"Shh, Loretta," alinong'ona. "Lenny bado hajaona."

"Yuko hapa, Casimir. Yuko hapa, kando yako."

Casimir aligeuka, akamtazama mwanawe, akamngoja.