Bangi ya Aden, Jela ya Bishar

Wallahi nikikaa na hii habari peke yangu nitapasuka. Juzi ndugu yangu Bishar alishikwa kwa kizuizi cha polisi akitoka Dadaab, na begi la bangi nyuma ya gari. Bishar! Mtu ambaye hata moshi wa sigara unamkohoza. Gari ni la Adeer Mahat, kaka mkubwa wa marehemu baba yetu, na begi alilitupa humo ndani Aden, mtoto wa adeer. "Ni nguo za duka," ndivyo alivyomwambia Bishar.

Nilidhani adeer atamshika Aden sikio ampeleke kituoni mwenyewe. Kumbe! Nilipoingia kwake nilikuta wazee wamejaa kwa mkeka, wanatema miraa kwenye kopo, na shauri wameshakata. Aden anaoa karibuni, na kaunti imemwajiri. Bishar hana bibi, kazi yake ni kuendesha gari la wenyewe. Basi Bishar akubali kosa mbele ya hakimu, na hooyo, mama yetu, apewe ngamia.

"Adeer, hii ni jela, si mbuzi aliyepotea!"

"Naa Hamdi, college imekujaza upepo," adeer akasema. "Mtu wetu akiua, diya ya damu si ukoo mzima unalipa? Leo ukoo umemwomba Bishar abebe kidogo. Atatoka amenenepa."

Wakacheka. Mmoja akaninyooshea kikombe nimwongezee chai. Nikamwongezea, nikatoka bila kuaga.

Asubuhi nikakimbia kortini kutafuta wakili. Hapo langoni jamaa mmoja wa tai akanirukia. "Sister, mimi ni wakili, na hakimu ni mtu wangu. Toa kitu kidogo, ndugu yako analala nyumbani leo." Nikamwambia anipe majina yake yote, niyatafute kwa simu kati ya mawakili wenye leseni. Ghafla akakumbuka ana mkutano. Ameacha marashi yake puani mwangu mpaka saa hii. Fyuu!

Mama wa fotokopi hapo nje ndiye alinionyesha ofisi ya Wakili Fosia, juu ya duka la magodoro. Jina lake nililikuta kwa simu, sikumwogopa. Nilimkuta anakula anjera, akanisikiza mpaka mwisho bila kunikatiza, kitu ambacho kwetu hakuna anayeweza.

"Begi zima?" akauliza. "Hiyo hawatasema ni yake ya kuvuta. Watasema anafanya biashara, na hapo si miezi, ni miaka na miaka. Huyo adeer wako anajua?"

"Anasema atatoka amenenepa."

"Astaghfirullah." Akanawa mikono. "Sikiza. Kitu kukutwa garini haitoshi. Serikali lazima ionyeshe Bishar alijua ni nini na kwamba yeye ndiye aliyekuwa na mamlaka nacho. Lazima pia mkemia apime hayo majani. Lakini akisema tu 'ni kweli', hakuna tena cha kuonyesha. Amejifunga mwenyewe."

Tukaenda seli. Hiyo harufu siielezi, huenda unakula. Bishar alikuja akiangalia chini.

"Abaayo, dada yangu, mrudishe wakili," akaniambia. "Nimeshaamua. Hooyo amekubali ngamia, mimi nitamwaibisha vipi?"

"Hooyo amekubali nini? Yeye ameambiwa wewe ndiye umejitolea! Tangu jana hajala, analia tu."

Akaniangalia. "Adeer aliniambia hooyo ndiye ameomba."

Yaani mzee wa ndevu za hina, anayeswalisha watu, amebeba uongo kwa mama, akageuka akabeba mwingine kwa mtoto. Na yatima wa ndugu yake! Nilitema mate pale pale, polisi akanifokea.

"Bishar," Fosia akasema polepole, "hakuna mtu atakayeingia huko ndani na wewe. Hakimu atakuuliza wewe. Jibu ni lako."

Kortini adeer alikaa mbele kabisa na kofia yake safi, tasbihi mkononi. Hooyo alikaa kando yangu, amenibana mkono mpaka kucha zinaingia. Karani akasoma shtaka, mkalimani akalirudia kwa Kisomali. Hakimu akauliza kama ni kweli.

Adeer akakohoa. Bishar akamwangalia, halafu akamwangalia hooyo.

"Si kweli," akasema. "Begi si langu, na sikujua kilichomo."

Fosia alikuwa ameshasimama kuomba dhamana. Polisi wakapinga, yeye akabishana nao kwa upole mpaka hakimu akakubali, kesi itasikizwa baadaye. Hooyo akalia kwa sauti hadi akaambiwa atoke nje. Adeer alitupita mlangoni kama hatujui, akasema tu, "Mmeuza ukoo."

"Na wewe ulikuwa umeuza nani?" hooyo akamjibu, mbele ya watu wote! Hooyo wangu, ambaye hajawahi hata kumwita kwa jina lake!

Bado tuko kwa ngazi za korti, simu ikalia. Aden.

"Hamdi abaayo, nasikia Bishar amekana begi, sasa watanitafuta mimi. Huyo wakili ni mzuri? Nitumie namba yake."

Hata hali ya ndugu yangu hakuuliza!

"Huyo ni wa Bishar," nikamwambia. "Wako tafuta mwenyewe. Pale langoni kuna mmoja ana tai."