Spika za Sudi na Ndoo ya Shangazi

Siku ile mjinga alikuwa Sudi mwenyewe, wala hakusukumwa na mtu. Mpwa wake alikuwa anatolewa unyagoni huko Likombe, naye Sudi akaapa kwamba spika zake mpya zitawatia aibu wapiga ngoma wote wa Mikindani. Akishindwa, pa kuficha uso hana.

Wimbo ukaanza, besi ikatikisa mabati, wanawake wakainuka kwa vigelegele. Sudi akauzima.

“Jamani, mnaziba muziki. Kaeni hapa katikati ya mkeka, mnyamaze, mtasikia hata mwimbaji anavyovuta pumzi.”

Wakakaa. Akaurudisha wimbo, kisha akaukata tena arekebishe waya. Alipoinua kichwa, mkeka ulikuwa mtupu na uani vumbi linatimka: shangazi yake Saida anapiga ndoo, mwali yuko katikati, viuno vimekolea. Hata miguu ya Sudi ikaanza kufuata mdundo bila ruhusa yake.

“Shangazi, unaniangusha kwa ndoo iliyopasuka? Sauti yake mbovu kabisa.”

“Mbovu kweli, baba,” Saida akasema, mikono haijasimama. “Lakini haijatuambia tunyamaze.”