Shahidi wa Malisho ya Juu

Vidosava alikuwa akichuja maziwa mlangoni pa kibanda chake, kwenye malisho ya juu ya mlima Durmitor, wafu wa kale walipofika na kondoo wao. Walipanda kila mwaka theluji ikishayeyuka, wamevaa ngozi, wakaingiza mifugo katika zizi la mawe walilolijenga wenyewe enzi ambazo chuma kilikuwa hakijajulikana. Kondoo wao walikuwa wadogo, weusi, wakorofi, na walikula soksi zilizoanikwa.

"Umekonda," alisema Bibi Ura, kiongozi wao. Lugha ya walio hai alifundishwa na nyanya wa Vidosava, kwa hiyo matusi aliyajua kuliko salamu.

"Baba amefariki, bibi. Binamu Radoje anasema malisho ni yake. Anataka kujenga nyumba za watalii."

"Radoje yupi? Yule bwege anayeogopa kondoo?"

"Huyohuyo."

"Na miaka yote hii nani kachunga hapa?"

"Mimi."

"Basi vaa viatu, twende."

Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kwa baba mkubwa Vukota, wakinywa kahawa pamoja na Radoje. Bibi Ura akapewa kiti karibu na jiko na kipande cha jibini. Alikinusa, akasema hakina chumvi, akakila chote.

"Malisho yale yalikuwa ya mama yangu," alisema. "Kabla yake, ya mama yake. Wanaume walipanda kubeba mizigo tu."

Hakuna aliyebisha. Mzee Vukota alikumbuka babu yake akimtaja bibi huyo, hasa habari ya kondoo dume aliyeazimwa asirudishwe.

"Bibi, umesema kweli tupu," alisema Vukota. "Ukoo mzima hauna shahidi mkongwe kukuzidi."

Vidosava akashusha pumzi.

"Tatizo ni moja tu," aliendelea Vukota. "Ushahidi wa mwanamke hauhesabiwi. Na wewe ni mwanamke."

Radoje alitikisa kichwa kwa masikitiko ya dhati. "Bibi angekuwa babu," alisema, "mimi ningefunga mdomo kabisa."

Wakamjazia Bibi Ura kikombe cha pili, wakampa malisho Radoje.

Kiangazi kilichofuata nyumba zilikuwa tayari, na ile kubwa ilikaa juu ya zizi. Wafu walikuja kama kawaida. Kondoo walipenya ukutani, wakajilaza sebuleni. Wageni walisogeza makochi. Mmoja aliomba chumba kisicho na kondoo, akaambiwa vyote vimejaa. Radoje alipanda juu ya meza, na akiwa hukohuko akamwajiri Vidosava kufagia kinyesi.

Alifagia. Alipomaliza alimletea Bibi Ura kahawa, wakakaa kochini, mwanakondoo kati yao akitafuna pazia.

"Bibi, sijawahi kukuuliza. Mbona huwa mnarudi?"

Bibi Ura alipuliza kahawa yake.

"Kaka yangu alisema anatushikia malisho kwa kiangazi kimoja tu," alisema. "Nakuja kumwuliza kama amemaliza."