Tanzia za Walio Hai

Kwetu Glogovo, karatasi yenye picha ya mtu ikibandikwa kwenye nguzo ina maana moja tu: mtu huyo amekufa. Hubandikwa getini kwake, kituo cha basi, mlangoni pa duka na kwenye mti wa jozi ulio mbele ya kanisa. Akitimiza siku arobaini hubandikwa tena, miezi sita tena, mwaka tena, mpaka unafika mahali unawajua marehemu kwa sura kuliko unavyowajua majirani. Hilo nalijua tangu utotoni. Lakini nilikuwa nimekaa nje miaka ishirini na sita, nikichuma machungwa Hispania, nikiendesha lori la vitunguu hadi Ujerumani, nikilala kwenye magodoro ya watu, na ugenini mtu husahau hata alichonyonya.

Nilirudi theluji ilipoyeyuka, nikiwa na begi moja na magoti mawili mabovu. Nyumba ya marehemu kaka yangu ilikuwa imechoka, paa limekaa sakafuni. Aliyenipokea ni Rumena, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye utotoni tulikaa dawati moja, yeye akikokotoa na mimi nikinakili. Sasa ndiye mwenyekiti wa nyumba ya kusomea ya kijiji, yenye maktaba na ukumbi wa ngoma. Alinipa chumba kidogo nyuma ya jukwaa, chenye kitanda na jiko la kuni, kwa sharti kwamba nipasue kuni, nifagie, na nikae kwenye meza ya vitabu asubuhi. Usiku wa kwanza nililala kama gogo. Nilijiambia, Grozdan, hapa ndipo utakapofia, na maneno hayo yalinifurahisha.

Mwezi wa sita likaja sanduku. Mfuko fulani wa hisani wa mjini ulituletea vitabu vipya sitini, vyote vya waandishi walio hai: vya mapenzi, vya upelelezi, vya mizimu, vya dunia ijayo, na vya mashairi. Sanduku lilikuja na masharti. Ifikapo Sikukuu ya Mtakatifu Dimitar, mwishoni mwa mwezi wa kumi, wanakijiji thelathini wawe wamesaini kwenye daftari na kuchukua. Wasipofika thelathini, vitabu vinahamia Dolni Rakit, kijiji cha bondeni ambacho kila mwaka hutushinda kwa mpira na kwa mabomba ya maji. Rumena akaongeza lake. Vitabu vikiondoka, hakuna haja ya mlinzi wa vitabu, na chumba changu kitawekwa mavazi ya ngoma. Siku ya Mtakatifu Dimitar ndiyo siku ambayo tangu enzi za babu zetu vibarua humaliza mkataba, hubeba mizigo yao na kushika njia. Nilielewa vizuri.

Shida ni kwamba Glogovo husoma wafu peke yao. Ukutani mwa nyumba ya kusomea wamepangwa waandishi saba wenye masharubu, na aliyekufa karibuni zaidi kati yao alikufa kabla ya umeme. Neycho, mfuga nyuki, ndiye aliyenieleza falsafa yake, akiegemea mlango wangu kana kwamba anausaidia usianguke.

"Mwandishi aliye hai hajamaliza," alisema. "Leo atakwambia hivi, kesho atabadilika. Marehemu habadiliki. Wewe mzururaji ungependa kupanda basi ambalo dereva hajaamua linakwenda wapi?"

Nilimwambia nimepanda mabasi hayo maisha yangu yote. Akasema inaonekana.

Basi nikaanza kusoma mimi, angalau nijue ninachouza. Shule yangu nilisoma vipande vipande, na ukubwani nimesoma zaidi vibao vya barabarani, kwa hiyo nilianza na kilichokuwa na kurasa chache. Kilikuwa cha mashairi, cha kijana mmoja mwenye nywele za kusimama, anayeandika habari za jokofu walilogawana yeye na mkewe walipoachana. Nilicheka, kisha nikajikuta sicheki tena. Nikaenda kwenye riwaya ya dunia ijayo, ambamo Danube imekauka na watu wanashindanisha mbuzi ndani yake. Nikaenda kwenye mizimu inayokaa ghorofa ya tisa na kulalamika lifti haifanyi kazi. Nikamaliza na upelelezi wa mwanamke anayeitwa Vesela Karadimova: mfamasia ameuawa, mbwa wake Murjo amefungwa nyuma ya nyumba, na kila mkwe ana sababu yake. Sikuamini. Hawa watu walikuwa wanaandika vituo vya mafuta nilivyovijua, na mama wanaoongea na wanao kwenye kioo cha simu. Nilikuwa nimedhani vitabu vinahusu wapanda farasi.

Nilitaka kila mtu avione. Na hapo ndipo nilipokosea.

Katikati ya mwezi wa tisa Rumena alikwenda Plovdiv kwa bintiye kupasuliwa mtoto wa jicho, akaniachia ufunguo. Nilichukua picha za waandishi tisa nyuma ya vitabu vyao, nikaenda kwa meya kutumia mashine ya fotokopi, ambayo ilikuwa na wino mweusi tu. Ili karatasi ipendeze, niliizungushia fremu nyeusi. Chini ya picha niliandika jina, mwaka wa kuzaliwa, na mstari mdogo, maana mwaka mwingine haukuwepo bado. Chini kabisa: kitabu chake kipo nyumba ya kusomea. Nikakoroga uji wa unga, nikabandika pale macho ya watu yalipozoea kwenda: kituo cha basi, duka, mti wa jozi, geti la kanisa. Nikaenda kulala nikijipongeza.

Asubuhi Bibi Stoyna alikuwa mlangoni, kitambaa cheusi kichwani, mshumaa mkono mmoja na mkono wa pili sahani ya ngano ya kuchemsha yenye sukari na jozi, ile tunayowapikia wafu. Alikuwa anamlilia Vesela.

"Masikini, mdogo hivi," alisema. "Na wote tisa siku moja. Basi lilitumbukia, sivyo?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Nasema kweli, niliufungua. Lakini yeye alikuwa ameshapita, ameshika kile kitabu, anakipangusa kwa aproni kama uso wa mtoto. "Hebu nione ametuachia nini," akasema, akaomba kalamu. Jina la kwanza kwenye daftari. Nikafunga mdomo.

Kufika jioni walikuwa kumi na mmoja. Kwetu ni aibu kumzungumzia marehemu usiyemjua, na dukani hakukuwa na mazungumzo mengine. Neycho aliniuliza kama dereva wa basi alikuwa amelewa. Minko mwenye duka alitafuta kwenye simu yake, akakuta waandishi wote tisa wana kurasa zao na bado wanaandika. Akatangaza kwamba ndivyo ilivyo siku hizi, mtu hufa lakini ukurasa hubaki. Televisheni haikusema lolote, na hilo lilithibitisha kwamba kuna jambo linafichwa.

Nao walisoma. Minko alisoma mapenzi chini ya kaunta na kuwarudishia watu chenji isiyo sahihi. Neycho, kwa heshima ya msiba, alichukua mashairi, akawa anawasomea nyuki. Upelelezi wa Vesela ulikuwa na foleni, na Stoyna aliyeumaliza kwanza alikuwa akikaa benchi kuwatazama wengine wakiusoma ili aone wamefika wapi. Kila siku nilipanga kusema kweli, na kila siku daftari liliongezeka. Nilimpigia Rumena: kumi na tisa, ishirini na sita, thelathini na nne. Kwenye simu alisikika kama anapangusa miwani. Alisema dawati lile moja halikuwa bure.

Mara moja nilijaribu kweli. Nilimfuata Stoyna getini kwake nikamwambia taratibu kwamba, mama, hawa watu huenda hawajafa. Alinishika mkono akaniambia kila mfiwa husema hivyo mwanzoni. Isitoshe, alisema, alishalia, na machozi ya mtu hayarudi machoni.

Siku nne kabla ya sikukuu Rumena alipiga simu yeye, kwa furaha ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mfuko ulifurahishwa na hesabu yetu na unatuletea zawadi. Vesela Karadimova mwenyewe atakuja siku ya Mtakatifu Dimitar, kwa basi la saa tano, na wao wawili watasafiri pamoja.

Mimi nilikuwa nimeshasikia habari nyingine. Stoyna alihesabu tangu karatasi zilipobandikwa, na siku ya arobaini ya marehemu iliangukia siku hiyohiyo. Kijiji kizima kingekaa mezani ukumbini kwetu saa tano na nusu.

Asubuhi ya sikukuu nilipanga nguo zangu kwenye begi, nikaenda nalo kituoni. Rumena alishuka wa kwanza, na miwani myeusi ya hospitali. Nyuma yake alishuka mwanamke mfupi mwenye raba na mkoba uliochanika mpini. Alitazama nguzo. Uso wake ukamtazama kutoka ndani ya fremu nyeusi.

Niliwaambia yote nikiwa nimesimama, bila kupumzika, mpaka kwenye ngano. Rumena alivua miwani ili anione vizuri, na nisingependa kuonwa vile tena. Vesela alisogea karibu na karatasi yake.

"Picha hii sikuipenda hata nilipokuwa hai," alisema. Kisha akauliza wangapi wamemsoma.

Nikasema kumi na wanne, na watatu wapo kwenye foleni. Akasema twende, ngano isipoe.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Alipoingia, vijiko vilisimama. Mtu mmoja alifanya ishara ya msalaba, Minko akaangalia simu yake. Stoyna aliinuka, akazunguka meza polepole, akamshika Vesela kidevu kama anavyopima tikiti maji sokoni.

"Uko hai," alisema.

"Niko hai, mama."

"Vizuri. Basi utanijibu. Yule mbwa amefungwa ukurasa wa arobaini na moja. Mfamasia amekufa, mkwe amekamatwa, watu wamekunywa kahawa, kitabu kimeisha. Murjo nani alimfungua?"

Ukumbi wote uligeuka. Kumbe watu kumi na wanne walikuwa wamelala na mbwa yule rohoni. Vesela alifungua mdomo kama nilivyoufungua mimi siku ile mlangoni, lakini yeye hakuufunga.

"Nilimsahau," alisema.

Sauti iliyopita ukumbini sikuisikia hata mazishini. Kuanzia hapo kosa langu lilikuwa dogo. Mimi nilikuwa nimeua watu tisa, lakini hakuna kati yao aliyeachwa amefungwa na njaa. Stoyna alimketisha Vesela kando yake, akaanza kumweleza mbwa hula nini na mara ngapi. Wengine wakauliza kama na yule wa jokofu yuko hai, maana wana neno naye.

Rumena peke yake hakusahau. Aligonga meza kwa kijiko, akasema kwamba majina thelathini na manne yamepatikana kwa uongo, na uongo hauhesabiki. Akachora mstari chini ya ukurasa. Anayetaka kuendelea na mwandishi aliye hai, asiyemaliza, anayeweza kusahau mbwa, aje asaini upya. Begi langu lilikuwa mlangoni, nami kando yake.

Stoyna alisaini kwanza. Wakafuata wa foleni, wakafuata wa mapenzi wakiongozwa na Minko. Watano hawakuja, ilibainika walikuwa wamefuata ngano tu. Wa ishirini na tisa alikuwa Neycho. Alikaa na kalamu muda mrefu, kisha akasema yeye bado ana shaka, lakini nyuki wameshamzoea yule kijana.

Ishirini na tisa. Rumena alisubiri. Nilimwambia mimi nimevisoma karibu vyote. Akasema mlinzi hajihesabu, wala mwenyekiti. Nikainama nikashika mpini wa begi.

Vesela alikuwa ameinuka kwenda kwenye rafu. Alirudi na ile riwaya ya mbuzi, akasema huyu mwandishi wanamsema sana lakini hajawahi kumsoma, akaomba kalamu. Rumena akamwambia kwa upole kwamba masharti ni wanakijiji wa Glogovo.

"Mwalimu," Neycho alisema bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, "huyu ana tanzia kwenye nguzo yetu. Amefanyiwa arobaini yake hapa. Mtu akiwa na tanzia hapa, wa wapi tena?"

Rumena alifikiri. Unaweza kumwona mtu wa hesabu akifikiri, hutazama dari.

"Zimebandikwa mahali pangapi?" aliniuliza.

"Panne. Kituo, duka, mti wa jozi na kanisa."

"Panne," alisema. "Mimi nikifa sidhani kama nitapata zaidi ya patatu." Akamsogezea daftari.

Vesela alikula sahani mbili za ngano ya msiba wake, akaomba na ya kubeba. Mimi niliagizwa nibandue karatasi zote, ingawa Neycho alishauri tuziache, kwa kuwa siku moja zitahitajika na karatasi ni ghali. Stoyna alinikataza kuigusa ile ya Vesela kwenye mti wa jozi. Alisema mpaka Murjo afunguliwe.

Begi nililirudisha chini ya kitanda bila kulifungua, maana mtu wa njia hafungui begi kwa pupa. Nililifungua baada ya siku arobaini.