Siku Manasseh Alipomtafuta Nyanchama

Nyanchama alikuwa amemshika mumewe kiwiko miaka mingi mno, hata mkono wake ukawa unakwenda pale wenyewe bila kutumwa. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile walipofika kwenye lango la Ngome ya Yesu mjini Mombasa, wageni kutoka Marani, viatu vyao vya kanisani vikiwa vimeshaingia vumbi jeupe la pwani.

"Kuna ngazi hapa, Baba Gladys. Inua mguu."

"Naiona, Mama Gladys," Manasseh akajibu kwa upole. "Naziona zote."

Nyanchama akauondoa mkono wake taratibu. Binti yao Gladys, aliyekuwa akikata tiketi, aliliona jambo hilo.

Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimwanzia Manasseh jicho la kushoto, ukahamia la kulia, mwishowe akawa anatofautisha mchana na usiku tu. Tangu hapo Nyanchama ndiye aliyempeleka shambani kugusa majani ya chai kwa vidole, ndiye aliyempeleka kanisani kila Sabato na kumsomea Biblia jioni. Harusi za jamaa alizikosa. Safari za akina mama wa kanisa alizikosa pia, kwa kuwa mzee angemwachia nani? Hakuwahi kulalamika. Hata mwenyewe hakujua kama alikuwa na la kulalamikia.

Halafu wakaja madaktari wa macho mjini Kisii, wakitibu watu bure. Manasseh alikataa kwenda. Alikuwa amesikia habari za mtu aliyepasuliwa akatoka na giza lile lile. Nyanchama alimbembeleza, akamnunia, mwishowe akamwambia, "Basi nenda kwa ajili yangu." Akaenda. Siku waliyomfungua bandeji alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Nyanchama, hizi mvi umezitoa wapi?" Nyanchama akacheka mpaka akalia, na muuguzi aliyesimama pembeni akalia naye.

Gladys, ambaye ni mwalimu Mombasa, alipopata habari hizo hakutaka kusikia udhuru. Likizo ya Agosti ilipofika akawatumia nauli. Wifi yake Nyanchama, Loice, akahamia nyumbani kwao kukamua ng'ombe na kuangalia kuku, nao wakapanda basi hadi Nairobi, na kutoka hapo wakashika reli mpya hadi baharini.

Tangu waliposhuka, Manasseh alikuwa hashikiki. Alisimama chini ya zile pembe kubwa za ndovu zilizovuka barabara akazigusa, akagundua ni za bati, akacheka. Ngomeni alisoma kila kibao kwa sauti kana kwamba yuko mimbarini. Alipanda ukutani akatazama mizinga, akachungulia baharini, akarudi mbio kuwaita. "Njooni muone! Maji yana rangi tatu!"

Nyanchama aliyaona maji. Yalikuwa mazuri kweli, na moyoni alimshukuru Mungu. Ila mikono yake haikuwa na kazi. Aliikunja, akaikunjua, akaushika mkoba. Alijiona kama mtu aliyefika kwenye sherehe akakuta vyombo vimeshaoshwa.

"Mama, umechoka?" Gladys akamuuliza.

"Hapana, mwanangu. Natazama tu."

Kutoka ngomeni waliingia Mji wa Kale kwa miguu. Vichochoro vilikuwa vyembamba, vyenye kivuli kizuri, na milango ya mbao iliyochongwa maua mpaka juu. Manasseh alitaka kuipapasa yote. Gladys akawa anampiga picha mlango baada ya mlango. Nyanchama aliwaacha, akaingia kwenye duka moja la vinyago kwa sababu macho yake yalikuwa yamegonga kitu alichokijua.

"Karibu mamangu," mwenye duka akamwambia. Alikuwa mama mnene mwenye leso ya manjano. "Tazama sahani hii. Jiwe safi, limetoka mbali."

"Limetoka wapi?"

"Kisii huko, bara."

Nyanchama akaangua kicheko. "Mama, mimi ndio nimetoka huko! Unataka nilirudishe jiwe nyumbani?"

Wakacheka wote wawili, wakaulizana habari za huku na huko, na mwenye duka akatoa vinyago vingine ili Nyanchama amwambie kama vimechongwa vizuri. Nyanchama alipotoka nje, kichochoro kilikuwa kitupu. Alikwenda kulia akakuta ukuta. Akarudi, akashika kushoto, akatokea mahali penye njia tatu. Simu yake ilikuwa kwenye mkoba wa Gladys.

Hofu ikampanda kutoka miguuni. Alirudi dukani karibu akikimbia.

"Mama, nisaidie! Nimempoteza mzee wangu. Atagongwa, ataanguka. Haoni, mzee yule haoni!"

"Yule aliyekuwa akisoma maandishi ya mlangoni?" mwenye duka akauliza kwa mshangao. "Yule wasema haoni?"

Maneno yake mwenyewe yalimrudia Nyanchama, akayasikia jinsi yalivyokuwa. Akaketi kwenye baraza la duka.

"Anaona," akasema polepole. "Alitibiwa. Mimi ndiye niliyepotea."

"Basi keti hapo hapo, mamangu. Mwenye macho yuaja." Mwenye duka akamletea maji ya ukwaju yenye baridi, akakaa naye.

Haukupita muda mrefu. Manasseh alitokea kule kwenye njia tatu, peke yake, kofia mkononi. Nyanchama alifungua kinywa amwite, kisha akanyamaza. Hakujua kwa nini. Alimtazama. Mzee alichungulia kichochoro cha kwanza akageuka, akachungulia cha pili. Alimsimamisha mpita njia, akainua mkono mpaka usawa wa sikio lake kuonyesha urefu wa mtu fulani, akagusa kichwa kuonyesha kitambaa. Uso wake ulikuwa na wasiwasi ambao Nyanchama hakuwahi kuuona, kwa kuwa miaka yote ile wasiwasi ulikuwa kazi yake yeye.

Kisha macho ya Manasseh yakafika barazani, yakatua juu yake. Uso mzima ukafunguka.

"Mama Gladys! Nimekutafuta kila mlango!"

"Nimekuona," Nyanchama akasema.

"Uliniona ukanyamaza?"

"Nilitaka kuona unavyonitafuta."

Manasseh akaketi kando yake, jasho likimtiririka. Kisha akasema kwa Ekegusii, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na mwingine wa kuelewa: "Kule gizani kitu kimoja hakikunitisha. Sikuwahi kufikiri kwamba nitanyoosha mkono nikukose. Leo nimenyoosha macho nikakukosa, nikajua ulivyonibeba. Sikuwahi kukushukuru, Nyanchama. Nilikuwa namshukuru Mungu tu, kana kwamba alikuja yeye mwenyewe kunishika mkono."

Nyanchama alimpa bilauri ya ukwaju, naye akanywa yote. Gladys alipofika akihema, simu mbili mkononi, aliwakuta wazazi wake wamekaa kama vijana waliokorofishana wakapatana, na mwenye duka anajifuta macho kwa leso.

Alasiri Gladys aliwapeleka Bamburi, kwenye ile bustani ya wanyama ambayo zamani ilikuwa shimo la kuchimbia mawe ya saruji, na sasa ni msitu. Waliona kobe wakubwa kama meza, na mamba waliolala midomo wazi. Wakati wa kulisha twiga, mhudumu alimpa Nyanchama konzi ya chakula. Aliogopa. Manasseh akaja akasimama nyuma yake.

"Nyoosha kiganja," akamwambia. "Anakuja kutoka kulia. Ana shingo ndefu kuliko mlingoti wa shule. Usiogope, mimi namwangalia."

Nyanchama akafumba macho, akanyoosha mkono, akamwachia mumewe kazi ya kutazama. Ulimi mrefu wenye kukwaruza ukamzoa kiganja. Akapiga ukelele, akafumbua macho, akaomba apewe tena.

Walipotoka, Loice alipiga simu kusema ng'ombe wako salama na Marani mvua imenyesha.

"Asante, wifi, Mungu akubariki kwa kunikalia nyumba," Nyanchama akamwambia. "Mbuya mono, umefanya vyema sana. Ila nakuomba, niongezee wiki moja. Kesho naingia baharini."

"Wewe? Baharini?"

"Mpaka magotini. Baba Gladys amesema atanionyesha pa kukanyaga." Akageuka kumtafuta mumewe amsalimie dada yake, akamkuta amerudi langoni, akimsomea mhudumu kibao alichokiandika mhudumu mwenyewe.