Nyonga ya Mwalimu

Mtu akiniuliza nafanya kazi gani, namwambia nasimama. Mchana nasimama saluni nikisuka vichwa vya watu, jioni nasimama kwa mguu mmoja ukumbini nikifundisha watoto kupiga mateke. Mama husema ningezaliwa na mguu wa tatu ningeutafutia kazi nao pia.

Karate nimeirithi kwa baba. Yeye ni seremala, lakini mtaani hakuna anayemwita fundi; wote wanamwita Mwalimu, hata wateja wanaokuja kuulizia makabati yaliyochelewa. Sakafu ya ukumbi aliipiga randa mwenyewe, ubao kwa ubao. Nami nikishavuka mlango wa ukumbi namwita Mwalimu, nyumbani anarudi kuwa Baba. Tukijisahau, Mama hutukatiza: "Hapa ni jikoni. Mikanda myeusi iachwe nje."

Nilipokuwa mtoto wa kubebwa, Baba alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiezeka, akaumia nyonga ya kushoto. Miaka yote ameibembeleza nyonga hiyo, nayo ikambeba. Mwaka huu ikagoma, akaanza kutembea na mkongojo. Haukupita muda, chama cha karate kikatuarifu kwamba ukumbi hauwezi kuendelea bila mwalimu mwenye daraja la kufundisha, na mwalimu huyo awe mtu anayeweza kuonyesha kwa mwili wake. Maana yake ilikuwa moja: nifaulu mtihani wa daraja hilo, la sivyo watoto wetu wagawanywe kwenye kumbi za mbali na mlango wetu ufungwe. Baba aliposikia alisema tu, "Basi si utafaulu?" kama mtu anayeulizia sukari kwenye chai.

Sikufaulu.

Mateke ya mbele yalikwenda vizuri, mikono ilikwenda vizuri. Ikafika zamu ya teke la kuzungusha, lile ambalo goti linainuka ubavuni na mguu unakuja kwa mzunguko kama mlango uliofungwa kwa hasira. Ndilo teke langu, ndilo teke linalojulikana ukumbini kwetu. Mtahini alikuwa mama mmoja mwenye mvi alizozikata fupi na sauti ya upole. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akainama akautazama mguu wangu wa kushoto, ule uliobaki chini.

"Mwanangu, kabla ya kupiga unaruka."

"Naruka?"

"Kidogo tu, kama mtu anayevuka dimbwi. Sasa mpinzani akiona umeruka, anajua teke linakuja, anaondoka zake. Mguu uliosimama hauruki. Unageuka palepale, mpaka kisigino kitazame kule unakopiga. Nani alikufundisha kuruka?"

Nikasema sijui. Akanishika bega, akaniambia mengine yote ni mazuri, nikautoe huo mruko wangu kisha nirudi baada ya miezi mitatu.

Nikautoe! Niliondoka pale nimefura. Mimi nina hasira za karibu, sifichi, na njia nzima nilimsema yule mama moyoni mpaka maneno yakaniishia. Nikapitia saluni, nikashusha pazia, nikasogeza viti, nikapiga teke mbele ya kioo kikubwa. Nikajiona nikiruka. Nikapiga jingine, nikaruka tena. Hapo hasira ikanitoka yote, maana ule mruko niliufahamu. Nimeuona kabla sijajua kuhesabu. Ulikuwa wa baba.

Nyumbani alikuwa ananisubiri mlangoni. "Enhe, vipi?"

"Pumzi ilinikatikia. Wamesema nirudi."

"Pumzi? Wewe?"

Mama alinitazama, akaendelea kuosha vyombo.

Ningemwambiaje? Mtu ameshaacha mapaa, ameacha kubeba mbao, anashuka kila ngazi kwa miguu yote miwili. Kitu pekee alichobaki nacho kizima ni kile alichotupa sisi. Nilimpenda mno, nisingeweza kumwambia kwamba nacho kina kasoro. Kwa hiyo nikaamua kuutoa ule mruko kimyakimya. Kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza nilishika mgongo wa kiti cha saluni nikafanya mazoezi ya kugeuka. Kichwa kilielewa, mguu ukakataa. Na siku ambazo Baba alikwenda hospitali kunyooshwa nyonga, niliwaambia watoto ukumbini wasiruke, na wasimwambie Mwalimu.

Kuwaambia watoto wafiche siri ni kutwanga maji. Tuna mmoja tunamwita Kijiti, msichana mwembamba, meno ya mbele yamemng'oka, mdomo wake hauna breki. Siku moja Baba alirudi mapema, akaketi kwenye benchi la pembeni, akapumua. "Haya wanangu. Nionyesheni teke la kuzungusha."

Kijiti akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa kuruka au bila kuruka?"

"Kuruka kupi?"

"Dada ametukataza kuruka. Alisema tusikwambie."

Nilitamani zile mbao alizozipiga randa zipasuke zinimeze. Baba hakunitazama. Aliinua mkongojo, akanionyesha mwisho wa mstari, nami nikaenda kusimama na watoto.

"Pigeni kama mlivyozoea," akasema.

Hapa lazima nieleze jambo. Baba alifundisha akiwa mbele yetu, ametugeuzia mgongo, sisi nyuma tukimfuata. Akigeuka ni kumrekebisha mmoja mmoja, mikono, bega, kidevu. Kututazama wote kwa pamoja kutoka ubavuni hakuwahi, kwa sababu hakuwahi kukaa. Siku hiyo alikaa.

Tukapiga. Kabla ya mateke kufika hewani, sakafu ikalia du! Mstari mzima ulikuwa umeruka kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja ameinamisha bega la kushoto kidogo, hata Kijiti ambaye hana kilo za kutikisa ubao.

"Tena."

Du!

Mabega ya Baba yakaanza kutikisika. Akalaza mkongojo, akafunika uso kwa kiganja. Nilidhani analia, nikatoka mbio kwenye mstari. Kumbe anacheka, na machozi yanamtoka, na nilipofika karibu sikuweza kusema ni kipi kati ya hivyo viwili.

"Hiyo ni nyonga yangu," akasema. "Jamani! Nimewagawia watoto wa watu nyonga mbovu."

"Ni mbovu?" Kijiti akashangaa. "Mbona inapendeza?"

Baba akajifuta. Akatueleza kwamba baada ya kuanguka, ile nyonga ilikataa kugeuka ikiwa imebeba uzito. Akagundua akiruka kidogo mguu unageukia hewani, haumuumi. "Nilijua naruka," akasema. "Sikujua nafundisha kuruka. Si kila siku nawaambia geuzeni kisigino?"

"Unatuambia, Mwalimu," nikasema. "Lakini sisi tulifuata mguu wako."

Akanitazama. "Kwa hiyo haikuwa pumzi."

"Haikuwa pumzi."

"Na ukanificha."

"Sikutaka kukuumiza."

"Mwanangu, mimi nimeanguka kutoka juu ya paa. Neno ndilo litaniua?"

Nikalia. Mimi si mtu wa kulia mbele ya wanafunzi, lakini siku hiyo nililia, na Kijiti akaniletea taulo la kufutia jasho ambalo lilikuwa halijafuliwa.

Kuanzia kesho yake tukawa tunakutana ukumbini asubuhi, mimi na yeye tu. Aliketi kwenye kigoda kifupi karibu na mguu wangu wa kushoto, akaweka kiganja chake sakafuni na kisigino changu juu yake. Kiganja cha seremala, kinakwaruza kama msasa.

"Usipige. Inua goti tu," aliniambia. "Goti ndilo linalolenga, mguu wa chini ya goti ni mtumwa wake. Haya, sasa geuka. Polepole. Egemea vidole, kisigino kitembee."

Nikageuka.

"Umeruka."

"Sijaruka!"

"Kiganja changu kimebaki na hewa, unabisha nini?"

Tulibishana hivyo kila siku. Nikikaza mwili aliniambia nisitafute nguvu, kwamba nyonga ikifunguka nguvu inakuja yenyewe, na anayeitafuta ndiye anayeruka. Nikimaliza teke na kuuacha mguu ukaanguka ovyo, aliugonga kwa mkongojo. "Rudisha goti kwanza. Mguu si nguo ya kuanika." Wakati mwingine alinifanya nipige taratibu sana hata mapaja yakatetemeka, nikamwita majina ambayo mtoto hamwiti mzazi. Alifurahi mno kuyasikia.

Mama alikuja siku moja na chupa ya chai, akasimama mlangoni akitutazama. "Yaani tatizo lilikuwa huko kuruka? Mimi nimeolewa na hiyo nyonga miaka yote, mngeniuliza."

"Sasa mbona hukusema?" Baba akauliza.

"Nilidhani ndiyo karate yenyewe."

Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Kisha asubuhi moja nikageuka, na kiganja cha Baba hakikubaki na hewa. Kisigino kilisaga juu yake, kikazunguka hadi mwisho, na mguu wa kulia ukapita juu kwa wepesi ambao sikuwahi kuujua. Nikarudia, ikawa vilevile. Mruko ulikuwa umeniacha. Nilipaswa kushangilia, lakini niliteremsha mguu nikahisi upweke wa ajabu, kama nimemtoa baba yangu mwilini nikamweka nje.

"Mbona uso umekushuka?"

"Nimezoea kupiga kama wewe."

Alikuwa anajisugua kiganja, kimekuwa chekundu. "Kabla ya lile paa," akasema, "mimi nilikuwa nageuka vizuri sana. Hukuona, ulikuwa mgongoni kwa mama yako. Hakuna mwingine aliyeona ila mama yako, naye alikuwa anatazama sura yangu, si miguu. Hapo umepiga kama mimi, mwanangu. Kama mimi mwenyewe."

Siku ya mtihani alikuja. Alivaa shati lake lililopigwa pasi, akaketi benchi la mbele, mkongojo katikati ya magoti, Kijiti pembeni yake kwa sababu hakuna aliyeweza kumzuia. Mtahini mwenye mvi akanisalimia kwa kichwa. Nilijikaza kisabuni, nikapita mateke ya mbele, nikapita mikono, tukafika.

"Teke la kuzungusha," akasema.

Nikainua goti. Kisigino kikalia kwii kwenye sakafu, na teke likafika.

"Hajaruka!" Kijiti akapiga kelele. Watu wakacheka.

Mtahini hakucheka. Alikuwa ameinama anautazama mguu wangu. "Rudia."

Nikarudia. Nikiwa narudisha goti, jicho langu likaangukia kwenye benchi, na nikamwona Baba. Uso wake ulikuwa mkavu, uso wa mwalimu. Lakini chini, mguu wake wa kushoto ulikuwa umegeuka. Amekaa, kwa hiyo nyonga haikuwa imebeba kitu, na kisigino chake kilikuwa kimetembea juu ya vidole mpaka kikatazama kule nilikopiga. Akaurudisha taratibu. Sidhani alijua anafanya nini.

"Rudia," mtahini akasema tena.

Nikapiga. Mguu wa Baba ukageuka, wote, mpaka mwisho, bila maumivu. Nilikuwa sijawahi kuuona ukifanya hivyo maisha yangu yote.

Mtahini akanyooka, akatabasamu. "Inatosha, Mwalimu. Umefaulu."

Ndivyo aliniita, Mwalimu, nami nilisikia kwa mbali, kama anaitwa mtu mwingine. Macho yangu yalikuwa yamejaa machozi.

"Naomba nipige moja zaidi," nikasema.

"Nimesema umefaulu."

"Nimesikia, mama. Moja tu."

Akashangaa, akanipisha. Nikainua goti, nikapiga huku nikitazama chini ya benchi badala ya mbele, kosa ambalo mwanafunzi wangu akilifanya tunagombana. Tukageuka pamoja, mimi na baba yangu.