Sauti Niliyomwibia Tayi

Jumapili ile ukumbi wa Dharwad, mji wetu huku kusini mwa India, ulijaa mpaka mlangoni, na ilikuwa bado saa tatu asubuhi. Watu walikuja kumsikia Nilamma Hosamani akiimba wimbo wake ambao redio imeupiga miaka arobaini. Mimi nilikaa nyuma yake na tanpura, lile zeze refu la nyuzi nne linalovuma chini ya sauti ya mwimbaji. Sisi wanafunzi wake tunamwita Tayi, mama. Sheria ni moja: mwenye zeze hafungui kinywa mpaka mwalimu ampe ishara ya mkono. Miaka kumi na tisa sikuwahi kupewa. Nilikuwa nimechoka kungoja, nasema kweli.

Wimbo ule una mahali pa kupanda. Kila mtu anapajua, hata wauza mboga hujaribu kupafikia. Tayi akapanda, sauti ikakatika. Akashuka, akavuta pumzi, akapanda tena. Ikakwaruza kama bawaba isiyo na mafuta.

"Bora ningebaki na redio yangu," mzee mmoja wa safu ya mbele akamwambia mkewe, wala hakunong'ona. "Kwenye redio bado anaweza."

"Nyamaza, we! Mwenzio ana miaka sabini na minane."

"Si angetuambia kabla hatujavaa?"

Watu wakacheka. Tayi akajaribu mara ya tatu, na kabla hajakwama nikaimba mimi. Sauti safi, ndefu, palepale juu. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Tayi akainua mkono. Ngoma zikanyamaza. Hakugeuka kunitazama.

"Sumangala," alisema, na kipaza sauti kikamfikishia kila mtu, "uzi wa kwanza umelegea. Mwenye zeze, kazi yake zeze."

Kweli ulikuwa umelegea. Sikuusikia kwa sababu nilikuwa najisikiliza mwenyewe. Nikaukaza.

Ndipo akaimba. Hakupanda tena. Alishika sauti moja ya chini kabisa akakaa nayo, akaiacha, akairudia. Watu wakaanza kutoka, yule mzee akiwa wa kwanza, wakinung'unika kwamba wamepotezewa Jumapili yao. Lakini mimi niliyekuwa nyuma ya mgongo wake, nilisikia kitu kingine. Sauti ilikuwa imechakaa, imejaa mikwaruzo, na bado ilisimama katikati ya ule mlio wa zeze bila kuyumba hata kidogo. Niliogopa kupumua nisije nikaigusa. Mimi mwenye koo zima nisingeweza kufanya vile, na nilijua hivyo mbele ya Mungu. Basappa, mpiga ngoma wetu, alisahau ngoma zake, akalia waziwazi. Tayi alipomaliza, wale wachache waliobaki hawakupiga makofi. Walikaa tu.

Nyuma ya jukwaa nikamgusa miguu, nikashika masikio yangu mawili kuomba radhi.

"Nisamehe, Tayi."

"Kwa nini uliimba?" Alikuwa akitafuna tambuu, ametulia. "Ulinionea huruma?"

Jibu zuri lilikuwa hapo, limeshaandaliwa, sikuwa na kazi ila kulichukua. Nikashindwa kumdanganya mtu niliyetoka kumsikia vile.

"Hapana. Nilitaka wanisikie mimi."

Akanitazama sana.

"Afadhali," akasema. "Ungenihurumia, ningekufukuza leo hii. Kesho uje alfajiri, na hiyo njaa yako uje nayo."